Nyumba ya Magurudumu Iitwayo Safari

Ukitoka Chicago kwa gari na kuelekea mashariki, ukaifuata barabara kuu ya kulipia inayokata jimbo la Indiana, baada ya kilomita 170 hivi utafika katika mji wa Elkhart. Nchi ni tambarare kama meza. Pande zote ni mashamba ya mahindi na soya, na hapa na pale limesimama jengo refu lisilo na madirisha mengi. Majengo hayo ni viwanda. Sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za Marekani huundwa katika mji huu na vitongoji vyake.

Nilifika huko Septemba 2023 kumtembelea rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, mzaliwa wa Mwanza, ambaye sasa anaishi nje kidogo ya mji pamoja na mume wake na watoto wao watatu. Yeye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Katika barabara za vijijini utakutana na mambo mawili ambayo hukutazamia kuyaona pamoja. La kwanza ni malori yanayokokota nyumba mpya kabisa, zenye milango, madirisha na ngazi, zikipelekwa kwa wauzaji wa kila pembe ya nchi. La pili ni vigari vyeusi vya farasi vinavyokwenda polepole ukingoni mwa barabara. Hao ni Waamishi, jumuiya ya Wakristo ambao desturi yao hairuhusu kumiliki gari. Hata hivyo, wanaume wengi wa Kiamishi wa sehemu hizi hufanya kazi katika viwanda hivyo. Wengine huenda kazini kwa baiskeli, wengine hukodi dereva. Mikono yao ndiyo inayopigilia makabati ya nyumba ambazo wao wenyewe hawatazikokota kamwe.

Huenda wewe, mama msomaji, hujawahi kuona nyumba ya namna hiyo. Fikiria chumba chembamba kama kontena dogo, ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gesi, friji, sinki, na mara nyingi choo. Nyingine zina injini zake. Nyingine ni matrela yanayokokotwa na gari la familia. Watu husafiri nazo wakati wa likizo, wakilala katika viwanja vilivyotengwa kando ya ziwa au msituni. Kwa familia yenye watoto kadhaa, faida yake ni wazi: hakuna kulipia vyumba viwili vya hoteli kila usiku, wala kula mkahawani mara tatu kwa siku. Ila nyumba mpya ni ghali mno. Ndiyo sababu watu wa kipato cha kawaida hutafuta kuukuu na kuitengeneza.

Mke aliyetaka jiko lake

Siku ya pili rafiki yangu alinipeleka katika jumba la makumbusho la nyumba za magurudumu, lililo kando ya barabara kuu ileile. Humo mna trela la mwaka 1913, dogo kuliko banda la kuku la shule yetu ya zamani, limefungwa nyuma ya gari aina ya Ford Model T. Mna pia gari la Chevrolet la mwaka 1931 lililotengenezwa kama nyumba kwa ajili ya Mae West, mcheza sinema mashuhuri wa wakati ule.

Lakini trela nililotaka kujua habari zake zaidi ni lile la alumini linalong'aa, lenye pembe za mviringo kama yai. Aliyeanzisha kampuni yake, Airstream, ni Wally Byam wa Los Angeles, mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba mke wake, Marion, hakupenda kwenda kulala porini bila jiko lake. Byam akajenga kibanda juu ya fremu ya gari, akatia jiko ndani. Akina mama mtanielewa nikisema kwamba kampuni nzima ilizaliwa kwa sababu ya mke mmoja aliyekataa kupika vumbini.

Mwaka 1936 Byam alianza kuuza trela la alumini lililojengwa kwa ufundi wa ndege. Mabati membamba hushikiliwa na mbavu za chuma hichohicho, nayo huunganishwa kwa maelfu ya ribiti. Mwaka 1952 kampuni ilifungua kiwanda katika mji mdogo wa Jackson Center, jimbo la Ohio, na kiwanda kiko huko hadi leo. Jambo jingine linatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matrela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Afrika Mashariki na kufika Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie alikutana nao. Wazee na wake zao walizivuka barabara zetu za udongo za miaka ile huku wakikokota jiko na kitanda nyuma yao.

Miongoni mwa matrela ya kampuni hiyo katika miaka ya 1960 lilikuwamo moja la futi 22, yaani mita sita na nusu na zaidi kidogo. Jina lake lilikuwa Safari.

Harufu chini ya zulia

Hilo ndilo lililowanasa rafiki yangu na mumewe. Oktoba 2019 waliona trela la mwaka 1966 nyuma ya ghala la mkulima, limezungukwa na majani marefu, na neno hilo la Kiswahili limeandikwa kwenye bati. "Nilihisi kama mtu ameniita kwa jina langu," aliniambia. Muuzaji aliwahakikishia kwamba halivuji. Wakatoa dola 5,000, akiba ya miaka miwili, wakalikokota hadi nyumbani. Shemeji akawaahidi watoto kwamba Julai itakayofuata watalala ndani yake kando ya Ziwa Michigan.

Kwa nje lilikuwa zuri. Alumini haishiki kutu kama chuma, na bati lilihitaji kung'arishwa tu. Kwa ndani palihitaji pazia mpya, magodoro mapya na rangi. Shemeji alifanya hesabu na kuona kazi ni ya majira ya baridi moja.

Rafiki yangu hakuwa na utaalamu wa matrela, bali alikuwa na pua. Kila alipoingia alisikia harufu ya ukungu, kama ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Alizungumza na wazee kadhaa katika nyumba anamofanya kazi, kwa maana wengi wao waliwahi kufanya kazi katika viwanda vya Elkhart. Mama mmoja, aliyekuwa ameshona mapazia ya matrela maisha yake yote, alimwambia: "Binti yangu, usishone kitu chochote mpaka umeinua zulia la nyuma."

Akainua. Zulia la plastiki lilikuwa zima, lakini plaiwudi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi. Alipoichoma kwa bisibisi, bisibisi ilizama mpaka mpini. Na mahali hapo ndipo walipokuwa wamepanga kuweka vitanda vya watoto.

Hapa ndipo ulipotokea mvutano nyumbani. Shemeji alikuwa ameahidi Julai. Alisema, "Mama watoto, tutaweka ubao mpya juu ya ule wa zamani, tutandike zulia, twende. Mwakani tutaona." Rafiki yangu akamjibu, "Baba watoto, ubao mpya utapigiliwa kwenye nini?" Usiku huo hawakuongea zaidi. Ndani ya nyumba mlikuwa na ukimya ambao kila mwenye ndoa anaujua.

Jumamosi iliyofuata shemeji, bila kusema neno, alichukua jeki na tochi akaingia chini ya trela. Alifungua bati la chini. Likaanguka furushi la sufi ya kuzuia baridi, limejaa viota vya panya. Nyuma yake aliona fremu ya chuma imeliwa na kutu hadi kutoboka. Alipomwambia mwanawe asimame juu ya bampa, bampa ilishuka lakini mwili wa trela haukushuka nayo. Mafundi wa matrela haya wanaijua ishara hiyo. Maana yake ni kwamba sehemu ya nyuma ya nyumba imeachana na fremu, na kinachoshikilia ni bati jembamba tu. Alitoka chini akiwa na vumbi usoni, akaita, "Mama watoto, njoo uone." Hakuna aliyesema tena habari za Julai.

Maji hupita wapi?

Niliuliza inakuwaje nyumba ing'ae nje na kuoza ndani. Shemeji alinichorea kwenye karatasi. Trela hili lina ngozi mbili za bati, ya nje na ya ndani, na katikati kuna sufi. Paa na kuta zina matundu mengi yaliyotobolewa kwa makusudi: dirisha la kupitishia hewa, bomba la choo, taa za nyuma, madirisha, mlango. Kila tundu limezungushiwa gundi ya kuziba. Jua la kiangazi huikausha gundi hiyo na baridi kali huipasua. Mwanya wa upana wa unywele unatosha. Maji hayadondoki chumbani ili mama ayaone na kutafuta ndoo. Yanateremka katikati ya ngozi mbili mpaka ukingo wa sakafu, na pale yanakaa. Ubao unakunywa, unaoza, kisha alumini inayogusana na chuma penye unyevu inaliwa upesi zaidi kuliko ikiwa peke yake.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kununua trela kuukuu aanze chini, si kwenye mapazia. Abonyeze sakafu kwa kisigino kwenye pembe zote, hasa nyuma, chini ya madirisha na karibu na mlango. Achome kingo za ubao kwa bisibisi. Asimame kwenye bampa. Atazame pembe za dari kama kuna madoa ya rangi ya chai. Na aiamini pua yake.

Kazi yao ilichukua majira mawili ya baridi na nusu. Kwanza walisafisha uchafu wa panya, nao ulikuwa na utaratibu wake. Uchafu wa panya haufagiliwi ukiwa mkavu, kwa sababu vumbi lake laweza kubeba maradhi ya mapafu. Walivaa barakoa na glavu, wakafungua milango hewa ipite, wakanyunyizia maji yenye dawa ya kuua vijidudu, wakangoja, ndipo wakafuta kwa vitambaa na kuvitupa. Mama msomaji, ushauri huo wafaa hata kwa stoo ya mahindi.

Kisha waliondoa ngozi ya ndani, bati moja baada ya jingine, wakiandika namba kwa kalamu ya wino ili kila moja lirudi mahali pake. Shemeji alikata chuma kilichooza akachomelea kipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Plaiwudi mpya ilipakwa gundi ya maji kwenye kingo zake zote kabla ya kuingizwa, kwa sababu ukingo ndio unaokunywa maji kwanza. Kati ya chuma na alumini waliweka utepe wa kutenganisha.

Ekseli nayo ilibadilishwa. Trela hilo halina springi za kawaida, bali ndani ya ekseli mna fito za mpira. Mpira huo huzeeka hata kama trela limesimama tu, na ukiwa mgumu, kila shimo la barabarani linapigwa moja kwa moja kwenye fremu na ribiti. Ekseli mpya ilikula fedha za Krismasi mbili. Watoto walipata vitabu na soksi.

Mmoja ndani, mwingine nje

Kabla ya kurudisha ngozi ya ndani, walifunga safari ya saa tatu hivi kwenda Jackson Center, kwa kuwa kiwanda huruhusu wageni kutembezwa ndani. Huko rafiki yangu aliona jambo ambalo hakulisahau. Ribiti hupigwa na watu wawili. Mmoja husimama nje na nyundo ya upepo, mwingine husimama ndani ameshika chuma kizito nyuma ya ribiti ileile. Hawaonani, kwa maana kati yao kuna ukuta. Wa nje akipiga kabla wa ndani hajaweka chuma, bati linabonyea na ribiti haishiki. Wa ndani akiondoa chuma mapema, ni vilevile.

Waliporudi nyumbani walifanya hivyo wao wenyewe. Mkewe alikaa ndani na chuma, mumewe akakaa nje na nyundo. Walipatana ishara. Yeye wa ndani akigonga mara moja, maana yake niko tayari. Mara mbili, sawa, twende inayofuata. Mara tatu, imeharibika, itobolewe upya. "Siku za kwanza niligonga mara tatu mpaka mkono ukauma," alisema akicheka. Ulikuwa mwaka 2020. Viwanda vya Elkhart vilikuwa vimefungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya korona, na yeye alikuwa akirudi kutoka zamu ambako wazee aliowajua kwa majina walikuwa wakifariki. Mara nyingi hakutaka kuzungumza. Aliingia ndani ya trela, akashika chuma, akagonga mara moja.

Kisha lilifuata jaribio la maji. Mumewe alishika mpira wa bustani nje, akaanza chini na kupanda juu polepole, dirisha baada ya dirisha, paa likiwa la mwisho. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali nawe hutajua yameingilia wapi. Mkewe alikuwa ndani na tochi na kalamu, akizungushia duara kila mahali palipotoka tone. Siku hiyo alichora maduara 27. Muuzaji yule alikuwa amesema halivuji.

Mengi ya matundu hayo yalikuwa yamewahi kuzibwa na wenye trela waliotangulia, kwa gundi ya silikoni inayouzwa kila duka. Silikoni ina tabu moja: ikishazeeka, karibu hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake. Ilibidi ikwanguliwe yote kwa kipande cha plastiki, isikwaruze alumini, kisha mahali pafutwe kwa dawa, ndipo izibwe upya kwa gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya matrela. Walirudia maji mara nne mpaka hapakuwa na duara jipya. Ndipo sufi mpya ikawekwa, mabati ya ndani yakarudi kwa namba zake, na mwisho kabisa rafiki yangu akatoa cherehani na kushona mapazia.

Gesi, tairi na baridi

Kutengeneza kumekwisha, lakini kutunza hakuishi. Niliona daftari la shule limening'inizwa nyuma ya mlango. Ndani yake mmeandikwa kila kitu na tarehe yake. Nawapa akina mama mambo machache, maana mengine yanatuhusu hata sisi tusio na trela.

Gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni, mahali watoto wanapolala. Kila mwanzo wa safari, rafiki yangu huchanganya sabuni na maji, hupaka kwa brashi kwenye kila kiungo cha mpira na bomba, kisha hufungua gesi. Povu likitokea, panavuja. Kiberiti hakitumiki kamwe kutafutia uvujaji, si kwenye trela wala jikoni kwako. Ukisikia harufu, funga mtungi, toa watoto nje, fungua milango, wala usiguse swichi ya taa. Aidha ndani ya trela mna vyombo viwili vya kutoa mlio. Kimoja kimewekwa chini kwa ajili ya gesi ya kupikia. Kingine ni cha hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo hutoka kwenye moto wa gesi, mkaa au jenereta, nayo haina harufu kabisa. Ndiyo maana jiko la mkaa halilazwi ndani, hata usiku wa baridi kali.

Tairi. Trela husimama miezi mingi, na tairi yaweza kuonekana mpya huku mpira wake umekwisha kufa. Tazama ubavuni, penye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2316 ni juma la 23 la mwaka 2016. Wao hubadilisha tairi za trela zikitimiza miaka sita, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Na kila mwaka shemeji hufungua magurudumu, huzisafisha beringi na kuzitia grisi mpya.

Baridi. Majira ya baridi ya Indiana hugandisha maji, na maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Kila Oktoba huyatoa maji yote, kisha hupitisha katika mabomba dawa ya rangi ya waridi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Kamwe hawatumii dawa ya rejeta ya gari, kwa sababu nyingi kati ya hizo ni sumu, na bomba hilohilo ndilo litakalojaza kikombe cha mtoto.

Paa. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo na mwisho wa majira ya safari, mmoja wao hupanda ngazi na kutazama kila mshono.

Kwenye vilima vya mchanga

Ahadi ya Julai 2020 ilitimizwa Julai 2022. Mtoto wa kwanza, aliyeahidiwa akiwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa tayari kijana wa kumi na minne na amemzidi mama yake urefu. Nilimwuliza kama alikasirika kungoja. Alisema mwaka wa kwanza alikasirika, na mwaka wa pili alijifunza kuchomelea.

Nami walinichukua. Tulikwenda Indiana Dunes, kilomita mia moja hivi magharibi mwa Elkhart, kwenye ufuo wa kusini wa Ziwa Michigan. Ni vilima vya mchanga vilivyorundikwa na upepo na mawimbi, na tangu mwaka 2019 sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa. Mtu wa Mwanza akisimama pale anashikwa na mshangao, kwa maana ziwa halina ng'ambo, kama lile letu. Ila siku ya anga safi, upande wa mbali, huonekana maghorofa ya Chicago kama vijiti vilivyochomekwa majini.

Jioni rafiki yangu alipika wali na maharage kwenye jiko lile dogo. Tulikula sita kwenye meza ya watu wanne. Nje majirani walikuja mmoja mmoja kulitazama trela, na wote waliuliza habari za kung'arisha alumini. Shemeji aliwajibu kwa upole, kisha akawauliza wao kama wamewahi kubonyeza sakafu zao.

Usiku ilinyesha mvua kubwa ya radi. Ndani ya alumini, mvua hupiga kelele kama mabati ya nyumba za kwetu, nami nililala vizuri kuliko siku zote. Nilipofumbua macho kulikuwa kumepambazuka. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amepiga magoti sehemu ya nyuma, mkono wake umeingia chini ya godoro la watoto waliolala, akipapasa ubao kutoka pembe moja hadi nyingine. Aliutoa mkono, akautazama, akaugusisha kwenye shavu lake. Kisha aligonga ukuta mara mbili, na kutoka nje, alikokuwa shemeji akitazama tairi, pakasikika kugonga mara mbili. Akaenda kuinjika chai.